Sili Sita za Pampu Moja

Pampu yenyewe haikuwa ya ajabu. Impela moja, yaani gurudumu linalozunguka ndani na kusukuma maji, mota ya kilowati 15, mizunguko 2,900 kwa dakika. Kazi yake ni kuvuta maji moto kutoka kwenye tanki lisilofunikwa na kuyasukuma hadi kwenye mashine za kuoshea, kama mita za ujazo 50 kwa saa. Imefungwa katika kiwanda cha kusindika mazao, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali palipo karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu yaliyotokea pale yanatokea kwingi.

Nilipoitwa, pampu ile ilikuwa imekula sili tano ndani ya miezi saba. Sili ni kizibo cha pete mbili kinachozuia maji yasivuje pale shafti, mhimili unaozungushwa na mota, inapoingia kwenye pampu. Kila sili ilipokufa maji yalichuruzika kwenye shafti, yakaingia kwenye beringi, na uzalishaji ukasimama mpaka sili nyingine ifike kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mafundi wawili walikuwa wameshapewa barua za onyo. Uongozi ulikuwa na hoja moja iliyoonekana haina jibu: kampuni ina kiwanda kingine Dar es Salaam, chenye pampu ya aina ileile, tanki la kimo kilekile, kazi ileile, na huko sili inaingia mwaka wa tatu bila kuguswa. Pampu ni ileile, sili ni ileile, kilichobaki tofauti ni mikono ya mafundi. Kwa hiyo mafundi wafundishwe. Ndivyo nilivyoandikiwa: siku tano za mafunzo ya vitendo ya utunzaji wa pampu.

Nilikubali hoja ile bila kuihoji, na hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki.

Nilikwenda na pampu yangu ya kufundishia, safi, imepakwa rangi ya buluu, na sanduku la vipuri vipya. Mafundi walikuwa saba, mmoja wao kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA aliyekuwa pale kwa mafunzo kazini. Saa ya kwanza niliitumia kwenye kufuli, ile ya kufungia swichi ili mashine isiwashwe wakati mtu anaitengeneza, na hilo silijutii hata leo. Niliwaeleza habari ya Piper Alpha, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Pampu moja ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo na valvu yake ya usalama imeondolewa, tundu limezibwa kwa flanji butu tu, yaani bamba la kufunikia. Usiku pampu ya pili ikazima. Watu wa zamu hawakujua kuwa ile ya kwanza haina valvu, wakaiwasha. Walikufa watu 167. Tangu saa hiyo ya somo kila fundi wangu alitakiwa kuwa na kufuli yake na ufunguo wake mfukoni, na hakuna aliyegusa kaplingi, kiungo cha mota na pampu, kabla ya kujaribu kuwasha mota na kuona haiwaki.

Baada ya hapo tukafanya yale ninayoyafanya kila mahali. Tulifungua pampu yangu ya buluu mezani na kuifunga tena. Tukapasha beringi moto kwenye hita ya umeme hadi nyuzi 110 na kuivalisha kwenye shafti bila nyundo. Beringi ikigongwa kwa nyundo, magololi huacha vishimo kwenye njia yao, vimepangana kwa nafasi sawa kama alama za rula, na beringi hiyo huanza kufa siku ileile iliyofungwa. Siku ya tatu tukaenda kwenye pampu ya kiwanda kwa ajili ya alaimenti, yaani kupanga shafti ya mota na ya pampu zikae mstari mmoja.

Hapo tulikuta mengi. Tuliweka geji ya saa, kipimo cha sindano kinachoonyesha kitu kimesogea kiasi gani, juu ya mguu wa mota, tukalegeza bolti moja, sindano ikaruka sehemu 18 za mia za milimita. Mguu ule ulikuwa haukai kwenye kitako. Ulikuwa unavutwa chini kwa bolti, na kila bolti ilipokazwa mota ilijipinda. Tukalegeza flanji, yaani maungio, ya bomba la kuvutia, nayo ikaruka pembeni kiasi cha kuingiza kidole. Maana yake bomba lote lilikuwa linaning'inia kwenye shingo ya pampu na kuivuta. Mtetemo tulioupima kwenye kasha la beringi ulikuwa milimita 9.1 kwa sekunde. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10816-1, ambacho sasa nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816-1, mashine ya kilowati 15 hadi 75 ikipita 7.1 ilihesabiwa kuwa na mtetemo wa kuweza kuiharibu.

Tukatia shimu, vipande vyembamba vya chuma, chini ya mguu, fundi wa kuchomelea akatengeneza nguzo mbili za kubeba bomba, tukapanga shafti mpaka tofauti ikawa chini ya sehemu 5 za mia. Mtetemo ukashuka hadi 2.6. Mafundi walipiga makofi. Meneja alikuja, akaweka kiganja kwenye mota, akatabasamu. Niliandika ripoti yenye neno "chanzo" na chini yake nikaandika: alaimenti mbaya na mkazo wa bomba. Nikapanda basi.

Siku ya 19 simu ikaita. Sili ya sita imekufa.

Fundi mkuu aliyenipigia ni mtu wa Tanga, amefanya kazi ya pampu tangu ujana wake, na yeye ni mmoja wa wale wawili wenye barua. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, mtetemo bado uko chini. Nimepima asubuhi, ni mbili na nukta saba. Sili imekufa hivyohivyo." Nilikaa na simu mkononi. Kama mtetemo uko chini na sili imekufa vilevile, basi nilichokitibu kilikuwa ugonjwa wa kweli, ila sio ugonjwa uliokuwa unaua sili. Nilimwambia asiioshe ile sili, asiipanguse, aiweke kwenye mfuko wa nailoni kama ilivyo. Akacheka kwa uchungu kidogo: "Zile nyingine zimo kwenye pipa la skrepa, Mwalimu. Hakuna aliyewahi kuziulizia."

Nilirudi kwa gharama yangu, siku tatu, bila pampu ya buluu.

Tulianzia kwenye pipa. Kijana wa VETA alizama humo mpaka mabegani, akatoa sili tatu kati ya tano; pamoja na ya sita iliyokuwa kwenye mfuko, zikawa nne. Tukazipanga juu ya gunia kwa mfuatano wa tarehe tulizozipata kwenye daftari la stoo, kila moja na pete zake mbili: ile ngumu na ile laini ya kaboni. Nikawapa kioo cha kukuzia na kazi moja tu: kila mtu aandike anachokiona, sio anachodhani. Ilichukua asubuhi nzima. Katika mafunzo yote niliyowahi kutoa, sijaona watu wakiwa kimya namna ile juu ya kazi.

Sili hufa kwa namna nyingi, na kila namna huacha alama yake. Shafti zikiwa hazikupangana, njia ya msuguano kwenye pete moja huwa pana kuliko uso wa pete ya pili. Hiyo tuliiona kwenye sili tatu za mwanzo, haikuwepo kwenye ya sita. Kazi yetu ya alaimenti ilikuwa imejibu. Lakini zote nne zilikuwa na kitu kimoja: kingo za pete ya kaboni zilikuwa zimemeguka vipande vidogovidogo, kama ukingo wa kikombe cha udongo kilichotafunwa, na pete ngumu ilikuwa na nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda nje. Nyufa za namna hiyo ni za joto la ghafla. Utando wa maji unaopaswa kukaa kati ya nyuso mbili hugeuka mvuke, nyuso zinasuguana kavu, zinapata moto, kisha maji yanarudi na kuzipoza kwa mara moja. Mara mia, mara elfu.

Kulikuwa na jambo la pili, la aibu ndogo, na aliyeliona ni fundi aliyelifanya. Oringi, yaani pete za mpira, za sili mbili zilikuwa zimevimba na kulainika. Mpira wake ulikuwa wa aina ya EPDM, ambao unastahimili maji moto vizuri sana na haupatani kabisa na mafuta ya madini. Fundi huyo alikuwa akizipaka grisi ili ziteleze kwenye shafti, kama alivyofundishwa zamani. Alisimama, akasema mbele ya wenzake kwamba ni yeye. Hakuna aliyemcheka. Siku hizi wanatumia maji ya sabuni.

Ila grisi haimegui kaboni. Kwa nini maji yanageuka mvuke?

Kijana wa VETA ndiye aliyefungua mlango, bila kujua. Alikuwa na daftari dogo la shule ambamo alikuwa akiandika mambo yake ya zamu, na alisema kwa sauti ya kuomba radhi: "Mwalimu, hii pampu hulia usiku. Mchana hailii." Inaliaje? "Kama ina changarawe ndani." Nilimuuliza kama aliwahi kumweleza mtu. Alisema alimweleza msimamizi wa zamu, akaambiwa pampu zote hulia.

Usiku ule tulikaa wote kwenye chumba cha pampu. Tulikuwa tumefunga geji mbili upande wa kuvuta, moja kabla ya chujio na moja baada yake, na kipimajoto kwenye tanki. Saa mbili usiku maji yalikuwa nyuzi 80, sindano ya geji ya pili ikicheza karibu na sifuri, pampu inavuma vizuri. Kadiri mashine za kuoshea zilivyopunguza kasi, maji baridi ya kujazia yakawa hayaingii tena kwa wingi, huku maji yaliyotokana na mvuke yanarudi tankini yakiwa ya moto. Nyuzi 82. Nyuzi 84. Saa sita na nusu kipimajoto kilisoma 86, na changarawe zikaanza. Watu wazima saba na mimi tuliinamisha vichwa kuisikiliza kama tunasikiliza redio.

Asubuhi yake ndipo tulipofanya somo ambalo ningepaswa kuanza nalo wiki ile ya kwanza. Nilinunua mabomba ya sindano kwenye duka la dawa, yasiyo na sindano. Kila fundi alivuta maji ya moto hadi nusu, akaziba mdomo wa bomba kwa kipande cha mpira, kisha akavuta kishikio kwa nguvu. Maji yakachemka. Mkononi mwake, bila jiko, maji ambayo hayakufika hata nyuzi 70. Ukiachia kishikio yanatulia, ukivuta yanachemka. Kuchemka sio suala la joto peke yake. Ni joto dhidi ya mgandamizo unaoyakandamiza maji. Pampu inapovuta hupunguza mgandamizo kwenye jicho la impela, pale katikati maji yanapoingilia, na mgandamizo ukishuka chini ya kiwango cha maji yale kuchemka, viputo vya mvuke vinazaliwa, kisha vinapasuka mbele kidogo kwenye mgandamizo mkubwa. Kila kupasuka ni nyundo ndogo. Hizo ndizo changarawe. Kwa vitabu huitwa kavitesheni.

Kisha tukachemsha maji kwenye birika la kantini na kuweka kipimajoto. Yalichemka kwenye nyuzi 95, hayakufika 100. Mmoja alidhani kipimajoto kibovu, tukaleta kingine, kikasema vilevile. Hapo fundi mkuu akasema kitu ambacho sijapata maelezo bora zaidi yake: "Ndiyo maana maharage ya huku hayaivi kama ya kwetu Tanga. Hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi sufuria." Akageuka akaitazama pampu, akanyamaza.

Hesabu tuliiandika kwa chaki sakafuni. Usawa wa bahari hewa hukandamiza kwa kilopaskali 101. Kwenye mita 1,600 inabaki kama 83.5. Maji ya nyuzi 80 yanahitaji kilopaskali 47.4 ili yasichemke. Tofauti ni 36, ambayo ukiigeuza kuwa kimo cha maji ni mita 3.8. Ongeza mita 1.5 za kimo cha tanki juu ya pampu, toa mita 1.3 zinazoliwa na bomba, viwiko na chujio safi: unabaki na mita 4. Kibao cha mtengenezaji kinasema pampu hii inahitaji angalau mita 3. Mchana, basi, tunapona. Usiku, kwa nyuzi 86, maji yanadai kilopaskali 60. Rudia hesabu: kimebaki kama mita 2.7. Pampu inadaiwa tatu, mfukoni ina mbili na nukta saba, na hapo chujio ni safi. Chujio la pale lilikuwa na magamba ya chokaa, na geji zetu mbili zilionyesha kuwa linakula karibu mita moja zaidi.

Na Dar es Salaam? Kijana wa VETA aliifanya mwenyewe. Kwa nyuzi zilezile 86 na chujio safi, kule pwani inabaki na mita 4.5. Hata chujio likiziba kama la huku, bado tatu na nusu. Pampu ya Dar ingeweza kutunzwa kwa uzembe mara mbili ya huu na isiue sili. Tofauti kati ya viwanda viwili ilikuwa hewa, na hewa haimo kwenye barua ya onyo.

Nakaa kidogo kwenye hili kwa sababu linaniuma. Wafundishaji wengi, nami nikiwemo, tunafundisha pampu mezani kwa sababu ni rahisi: vipuri safi, mwanga mzuri, watu wameketi. Ila mezani pampu haina tanki, haina usiku, haina mwinuko kutoka baharini. Fundi anatoka hapo akijua kufungua na kufunga, na kila kitu kibovu atakijibu kwa kufungua na kufunga. Mafundi wa kiwanda kile walikuwa hodari wa kubadilisha sili; walikuwa wamebadilisha tano. Hakuna aliyewahi kuwapa ruhusa ya kusimama juu ya kitu kilichokufa na kukiuliza kimekufaje. Kiwanda kilitaka pampu iwake ndani ya saa mbili, na sili iliyokufa ikaenda pipani ikiwa na ushahidi wote.

Tena meneja, kwa nia njema, alikuwa ameanza kutoa agizo kwamba sili ibadilishwe kila wiki sita hata kama haivuji. Nilimwomba aliondoe. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa United Airlines walichapisha uchunguzi wao wa vipuri vya ndege: asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni mwa maisha yao, mara tu baada ya kufungwa, kisha hatari ikashuka na kubaki palepale. Pampu sio ndege, ila kila fundi wa pampu anajua ukweli huo kwa mikono yake: kila unapofungua mashine iliyo nzima unaingiza nafasi mpya ya mchanga, ya gasketi iliyokaa vibaya, ya grisi kwenye oringi.

Marekebisho yenyewe nayapita haraka, maana hayakuwa magumu. Valvu ya maji baridi ya kujazia ilikuwa imekwama nusu. Ilitengenezwa, na sasa tanki halivuki nyuzi 78. Swichi ya kimo cha tanki ilipandishwa. Geji za pande mbili za chujio ziliachwa pale kwa kudumu, na mstari mwekundu ukachorwa kwa rangi ya kucha: sindano ikifika hapo, chujio linafunguliwa. Kuinua tanki kwa mita moja na nusu juu ya kitako cha chuma, ambalo ndilo jibu la kweli, kumepelekwa kwenye bajeti na bado kumo humo.

Sili ya saba iliwekwa na yule fundi wa grisi, kwa maji ya sabuni, wenzake wakimtazama. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa na miezi 14. Kwenye ukuta wa karakana kuna rafu ya mbao aliyoitengeneza kijana wa VETA kabla hajamaliza muda wake, na juu yake zimepangwa sili zile nne, beringi mbili zenye vishimo na impela iliyotobolewa na viputo, kila moja na karatasi yenye tarehe na maneno mawili matatu. Mgeni wa zamu akianza kazi hupelekwa hapo kwanza.

Fundi mkuu alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Nilimuuliza kuhusu barua ya onyo. Alisema bado imo kwenye faili lake, na ya mwenzake pia. Niliandikia uongozi kuomba ziondolewe, nikaambatisha hesabu ile ya sakafuni ukurasa mmoja. Nimeandika mara mbili. Mwezi ujao nina safari ya upande huo, na nitakwenda ofisini kwao mwenyewe.